Nyuzi za Olga de Amaral na deni la Kiswahili kwa wafumaji

MAJUZI niliwaonyesha wanafunzi wangu wa fasihi picha moja, nikawauliza swali jepesi: "Hiki ni nini?" Pichani mlikuwa na nyuzi nyingi mno zilizoning'inizwa kutoka juu hadi karibu sakafuni. Zilikuwa zimepakwa rangi, na ukizitazama zote kwa pamoja, waona umbo la kijiometri likielea katikati yake mithili ya kitu kinachochungulia katika ukungu.

"Ni pazia, Mwalimu," akajibu mmoja. "Wapi! Hiyo si ni kapeti tu ya ukutani?" akasema mwingine. Wa tatu akasema ni mvua. Kisha msichana mmoja aliyeketi nyuma, mzaliwa wa Ukambani, akatoa kauli iliyowavunja mbavu wenzake: "Hizo ni nyuzi tu. Hata hazijashikana. Nyanya yangu angesema huyo mtu hajamaliza kazi."

Nami nilicheka. Hata hivyo, nilipokuwa nikirudi nyumbani jioni hiyo, nilitambua kwamba miongoni mwa wote waliojibu, ni huyo tu aliyetazama kazi yenyewe. Wenzake walitafuta kitu ambacho picha inafanana nacho. Yeye aliuliza imetengenezwaje, akagundua kuwa kuna kitu hakipo. Nitarejelea jambo hilo baadaye.

Kazi ile ni ya Olga de Amaral, msanii wa Colombia aliyezaliwa jijini Bogotá mwaka wa 1932, na ambaye kwa zaidi ya nusu karne amekuwa akitumia sufu, pamba, kitani na singa za farasi kuunda kazi kubwa za kutundikwa ambazo hazichori mtu, mnyama wala mandhari. Kati ya Oktoba 2024 na Machi 2025, Fondation Cartier ya Paris ilionyesha takriban kazi zake 80. Magazeti ya Ulaya yalimwandika kwa mapana. Katika Kiswahili, kwa kadiri ya usomaji wangu, hatujamwandika. Sababu mojawapo ni kwamba yuko mbali nasi. Sababu nyingine, ambayo ndiyo inayonikera, ni kwamba hatuna hakika tutumie maneno gani.

Tuanze na jina. Wazungu wana neno lao maalumu la kitambaa kizito kinachofumwa ili kitundikwe ukutani. Sisi twababaika. Tukisema "zulia", zulia ni la kutandikwa na kukanyagwa. Tukisema "pazia", pazia huficha. Kazi yake ni kuyazuia macho, ilhali kazi hizi huyaita macho. "Darizi" nayo huja juu ya kitambaa ambacho tayari kipo. Mtarizi hupamba nguo iliyofumwa na mwingine, naye Bi Amaral hajengi juu ya msingi wa mtu. "Mkeka" umekaribia kidogo, maadamu msusi wa mkeka huanza na chane za ukindu zisizo umbo, akasuka ukili, kisha akaunganisha kili hizo hadi zikawa uwanda mmoja. Lakini mkeka nao ni wa kukalia.

Ninavyoona mimi, neno tunalolitafuta tunalo tangu jadi, ila tumelipeleka kwingine. Neno lenyewe ni "mfumo". Kufuma ni kupitisha nyuzi za mshindio baina ya nyuzi za mtande hadi zishikane na kuwa kitambaa. Kutokana na kitenzi hicho tukapata mfumi, mfumaji na mfumo. Leo hii ukitamka "mfumo", msikilizaji hafikirii uzi hata kidogo. Anafikiria mfumo wa elimu, mfumo wa vyama vingi, mfumo wa majitaka. Ukienda ofisini kutafuta huduma unaambiwa, "Mfumo uko chini, rudi kesho." Mfumaji angeuliza mara moja: ni uzi gani uliokatika? Sisi tunageuka na kurudi nyumbani.

Sitetei kwamba tulipokonye serikali neno hilo. Maneno husafiri, na ni haki yao. Ninachodai ni kwamba tukumbuke lilikotoka. Wahakiki wa Kiswahili, mimi nikiwemo, tumekuwa tukikopa kutoka kwa wafumaji na wasusi miaka nenda miaka rudi. Twasema riwaya ina msuko mzuri. Twasema mwandishi ameufuma utungo wake kwa ustadi. Twasema njama zimesukwa, na kwamba ploti imefumuka mwishoni. Sote tunajua kufumuka ni nini: ni kile kinachoitokea shati pale mshono unapoachana. Huo ni mkopo mkubwa. Swali ni je, tumewahi kulipa? Tumewahi kuichukua kazi ya mfumaji yenyewe tukaihakiki kwa umakinifu tunaoutumia kuhakiki diwani ya mashairi?

Isitoshe, hatuwezi kudai kwamba ufumaji ni jambo geni kwetu. Waakiolojia waliochimbua Kilwa walipata vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, ushahidi kwamba pamba ilisokotwa pwani hii karne nyingi zilizopita. Hariri ya Pate ilikuwa na sifa kiasi kwamba Wareno waliitaja na kuifanyia biashara. Kamusi za kale zinataja "kitanda cha mfumi", yaani chombo anachokitumia mfumi kutandia nyuzi zake. Lugha ilikuwa na kila kitu. Kilichokatika ni matumizi.

Sasa turejee kwa Bi Amaral. Alianza kwa kusomea uchoraji wa ramani za majengo jijini Bogotá, na mafunzo hayo hayajamtoka hadi leo. Mwaka wa 1954 alienda Marekani, akajiunga na chuo cha sanaa cha Cranbrook kilichoko Michigan, na huko ndiko alikokutana na kitanda cha mfumi. Aliporejea Colombia alianzisha karakana ya vitambaa, na mwaka wa 1965 akaanzisha idara ya sanaa ya vitambaa katika Chuo Kikuu cha Los Andes.

Mtu aliyefunzwa kufikiria majengo akipewa uzi, atajenga. Katika miaka ya 1960 na 1970 alitengeneza kazi alizoziita kuta zilizofumwa. Hakuridhika na kitambaa kilichotandazika bapa. Alifuma tepe ndefu za sufu na singa za farasi, kisha akazichukua tepe hizo zenyewe akazifuma tena, zikapita juu na chini ya nyenzake kana kwamba kila tepe ni uzi mmoja mnene. Msomaji aliyewahi kumtazama msusi akiunganisha kili za mkeka ataelewa mara moja: kitu kilichokwisha kusukwa kinageuka malighafi ya msuko mwingine. Singa za farasi hukifanya kitambaa kiwe kigumu, kisimame chenyewe. Kundi moja la kazi hizo aliliita kwa neno la Kihispania lenye maana ya deraya, ile nguo ya vita inayokinga kifua. Mwaka wa 1976 alitengeneza ukuta mkubwa kwa ajili ya hoteli moja ya Atlanta, Marekani, uliokwea orofa kadhaa ndani ya jengo la saruji.

Hapa kuna hoja ya kwanza ya uhakiki. Uzuri wa kuta hizi hautokani na rangi pekee, ijapokuwa rangi zake ni kali, nyekundu na za machungwa. Unatokana na ukweli kwamba nguvu yake inaonekana. Ukitazama jengo la saruji, huoni kinacholishikilia. Chuma kimefichwa ndani. Ukitazama ukuta wa Amaral, unaona kila tepe inavyoibeba nyenzake. Hakuna kilichofichwa. Ni kazi inayosema imesimamaje.

Hoja ya pili inawahusu wale wanaouliza: "Sawa, lakini maana yake nini?" Swali hili tunaliuliza sana, nami nadhani lina chanzo chake. Sisi ni watu wa leso. Tumezoea kitambaa chenye jina, kitambaa kinachosema. Mke akitaka kumrushia jirani kijembe, haongei; hujifunga leso akapita. Kwa hiyo tukikutana na kitambaa kisicho na jina wala picha, twahisi tumenyimwa kitu. Twakiita mapambo, tukaenda zetu.

Lakini hebu tufikirie ushairi wetu. Kabla ya shairi kusema neno lolote, tayari lina umbo: mizani, vina, vipande, bahari. Mtoto asiyeelewa msamiati wa utenzi hutikisa kichwa ukighanwa, kwa sababu masikio yake yamekwisha kuupata mpangilio. Ningesema arudhi ni mtande wa shairi: zile nyuzi zilizotandwa kwanza, zikakazwa, zikasubiri. Maneno ni mshindio unaopita humo. Basi jaribu kuwazia msanii anayetaka tuuone mtande wenyewe, tuyasikie mapigo bila maneno. Huyo hajakosa maana. Ameiteremsha hadi mahali ilipo kabla ya kutamkwa. Sanaa dhahania si sanaa isiyo na maana, kama vile ngoma isiyo na wimbo si kelele.

Hayo nimeyasema kwa kumtetea. Sasa niseme linaloniudhi, kwa kuwa uhakiki usio na lawama ni pongezi tu. Ni dhahabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bi Amaral aliona kwa mfinyanzi Lucie Rie, huko Uingereza, chombo cha udongo kilichovunjika na kuungwa kwa dhahabu kwa mtindo wa Kijapani, ambapo ufa haufichwi bali hung'arishwa. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa akizifunika kazi zake kwa dhahabu iliyopondwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi. Pamba ilifumwa, ikapakwa plasta nyeupe ambayo wachoraji hutumia kuandaa kitambaa, ikapakwa rangi, kisha dhahabu. Mwaka wa 1996 alianza kundi aliloliita kwa jina la mawe ya ukumbusho yanayosimamishwa wima. Vipande hivyo vigumu vya dhahabu huning'inizwa katikati ya ukumbi, mtu akapita baina yake. Mgiriama akiviona huenda akakumbuka vigango: vitu vilivyosimama badala ya watu wasiokuwepo.

Dhahabu nchini Colombia ina historia nzito. Wafuaji wa kabla ya Wahispania walikuwa mabingwa wa dhahabu; wavamizi waliipora na kuiyeyusha; makanisa ya wakoloni yakapambwa kwayo. Msanii wa Bogotá anapogusa dhahabu, hagusi rangi ya manjano tu. Hilo nalikubali. Lakini dhahabu ina sauti kubwa mno. Mtu akiingia ukumbini, jambo la kwanza analoliona ni utajiri, na macho yakishalewa mng'ao huchelewa kuona uzi. Katika baadhi ya kazi za miaka ya 1980, naona kitambaa kikigeuka kuwa kibebeo cha dhahabu, kama shairi ambalo mtunzi amelijaza misamiati migumu hadi mapigo yake hayasikiki. Yale mawe ya wima yanajiokoa kwa sababu yana pande mbili: ukizunguka nyuma unakutana na kitambaa kwa sura nyingine, ukakumbuka kwamba jiwe hili lilifumwa.

Ndiyo maana nazipenda zaidi kazi alizozianza mwaka wa 2013, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 80. Aliziita "ukungu". Bogotá iko juu milimani, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Aliyewahi kusafiri Limuru alfajiri hahitaji kuelezwa zaidi. Hapa dhahabu imeondoka. Hata ufumaji wenyewe umeondoka. Zimebaki nyuzi zinazoning'inia, kila moja imepakwa plasta na rangi, na umbo linaonekana tu kwa kuwa nyuzi nyingi zimesimama pamoja. Ukisogea kando, umbo linatawanyika.

Sasa mkumbuke yule msichana: "Hata hazijashikana." Alikuwa amesema kweli tupu. Kazi zile ni mtande usio na mshindio. Msanii aliyefuma kwa zaidi ya nusu karne ameutoa uzi unaofunga, akatuachia nyuzi zinazosubiri. Nyanya angesema kazi haijaisha, na nadhani Bi Amaral angekubaliana naye. Mshindio katika kazi hizo ni jicho la mtazamaji anayepita. Yeye ndiye anayezishikanisha.

Nimefika mahali pagumu zaidi. Mwaka wa 1969 makavazi ya sanaa ya kisasa ya New York yalifanya maonyesho ya vitambaa vya kutundikwa, kazi za Bi Amaral zikiwemo. Mchongaji mashuhuri Louise Bourgeois aliyaandikia tahakiki katika jarida la ufundi, na maoni yake yalikuwa kwamba kazi zile ni nadra kujinasua kutoka kwenye upambaji. Naye alikuwa mwanamke aliyelelewa katika familia iliyokarabati vitambaa hivyohivyo! Tazama jinsi ukuta baina ya "sanaa" na "ufundi" ulivyokuwa mnene. Kinachochorwa kwa rangi au kuchongwa kwa jiwe ni sanaa. Kinachofumwa, hasa na wanawake, ni kazi ya mikono.

Ukuta huo umeanza kubomoka huko kwao. Je, huku kwetu? Mwanamke wa Machakos anasokota nyuzi za katani kwenye paja lake, anaanzia kitako cha kiondo, anazungusha safu juu ya safu, na rangi zinabadilika kwa hesabu aliyo nayo kichwani. Katani yenyewe ni mgeni aliyetoka upande uleule wa Amerika: mmea wa Meksiko ulioletwa Tanganyika mwaka wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kabla yake, kina mama hao walitumia nyuzi za magamba ya miti. Yaani waligeuza mmea wa shambani kwa mkoloni ukawa lugha yao. Lakini kiondo kikifika sokoni kinaitwa bidhaa, na mtengenezaji wake anaitwa "kina mama wa kikundi".

Sisemi kila kiondo ni sawa na ukuta wa Amaral. Kusema hivyo ni kukwepa kazi ya uhakiki. Kuna viondo vya kuuzia watalii vilivyotengenezwa kwa haraka, na kuna viondo vinavyomfanya mtu anyamaze. Hoja yangu ni kwamba hatuwezi kuvitofautisha, kwa kuwa hatujajifunza kuvisoma, na hatujajifunza kwa sababu maneno ya kuvisomea tumeyaacha yafe.

Wapo wanaojaribu. Mwaka wa 2022 Uganda ilishiriki kwa mara ya kwanza kama taifa katika maonyesho ya Venice, ikapata sifa maalumu ya majaji. Mmoja wa wasanii wake wawili alikuwa Acaye Kerunen, ambaye hutumia magamba ya migomba, chane, matete na mabua ya mtama. Huchukua mikeka na vikapu vilivyosukwa na wanawake wa Uganda, akavifumua, akaviunga upya kwa kushona na kufunga mafundo hadi vikawa kazi kubwa zisizofanana na kikapu wala mkeka. Ni njia tofauti na ya Bi Amaral. Yeye hafichi kwamba nyuma ya kazi moja kuna mikono mingi. Na hapo linazuka swali linalowahusu wote wawili, kwani Bi Amaral naye ana wasaidizi katika karakana yake: ukutani huandikwa jina moja. Waliosokota, waliosuka, waliofunga mafundo, majina yao yako wapi? Mtande ukiwa hauonekani, kitambaa husimama vipi?

Sina jibu la soko la sanaa. Nina pendekezo kwa walimu na wahakiki wenzangu. Tuyarejeshe maneno haya mahali yalipozaliwa: mtande, mshindio, chane, ukili, msokoto, kufumua. Tunapofundisha msuko wa riwaya, tumweleze mwanafunzi msuko ni nini hasa, ikiwezekana alete kipande cha mkeka darasani. Na tunapoandika kuhusu kitu kilichofumwa, tuandike kilifumwa kwa nini, vipi, na nani.

Kipindi kilichofuata nilimwita yule msichana nikamwambia kwamba alikuwa amesema kweli. Aliniangalia kwa shaka, kama mtu anayengoja kuchekwa tena. Nikamuuliza nyanya yake hutumia maneno gani kwa Kikamba anapoanza kiondo, anapoongeza uzi na anapomaliza ukingo. Hakujua yote. Akaniahidi kuuliza akifika nyumbani. Alipofika mlangoni aligeuka na kuuliza, "Mwalimu, na jina lake pia niandike?"

Nikamwambia aanze na hilo.